Uchambuzi wa kisa: Pikapu mpya kwa gitaa nusu wazi la mpiga solo wa benga, Kisumu

Majina ya watu, bendi, baa na maduka yameondolewa. Mwenye gitaa ameridhia kisa hiki kitumike kufundishia, na vipimo ni vile vilivyoandikwa kwenye daftari la fundi.

Usuli

Mwenye gitaa hupiga solo katika bendi ya benga ya Kisumu yenye watu sita. Wikendi wako baa. Siku nyingine wanaitwa matanga vijijini, Siaya, Nyakach, hata upande wa Busia, na huko umeme mara nyingi ni wa jenereta iliyowekwa nyuma ya nyumba. Hili la jenereta lisomwe kwa makini, maana ndilo lililoamua mambo baadaye.

Gitaa lake ni nakala ya bei nafuu, iliyotengenezwa Asia, ya muundo ambao Gibson ilitoa mwaka 1958 kwa jina la ES-335. Mwili ni mpana na mwembamba, una matundu mawili ya umbo la f, na ndani yake limepita gogo la mbao kutoka shingoni hadi mkiani. Pande mbili za gogo ni uwazi. Gogo ndilo linalozuia gitaa lisingurume hovyo likisimama karibu na spika, na ule uwazi wa pembeni ndio unaolipa sauti yake laini. Pikapu, yaani kifaa cha sumaku na koili za waya kinachogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme, zilikuwa mbili: moja karibu na shingo, nyingine karibu na daraja linaloinua nyuzi juu ya mwili. Zote zilikuwa hambaka: koili mbili zimezungushwa na kuunganishwa kwa namna inayofanya mvumo wa umeme uingie kote kuwili na kujifuta wenyewe. Wazo hilo alilifanyia kazi Seth Lover akiwa Gibson katikati ya miaka ya 1950, na hadi leo hakuna njia rahisi zaidi ya kupiga gitaa chini ya taa mbovu bila kero.

Kuhusu muziki wenyewe. Katika benga, gitaa la solo halipambi tu wimbo. Linaimba pamoja na mwimbaji, linamjibu, na wimbo ukifika pale pa kuchangamka mwimbaji hunyamaza na gitaa likabeba kazi yote. Vidole vinachomoa noti moja moja kwa kasi, juu juu kwenye shingo ya gitaa, mtindo ambao wengi huuhusisha na nyatiti, kinubi cha Waluo chenye nyuzi nane. Chini yake ridhimu inajaza kila pengo na besi haitulii hata kidogo. Solo isiposikika hapo, wimbo umekufa mbele ya watu waliosimama tayari kucheza.

Lalamiko

Alikuja na ombi lililokwisha kukata shauri.

"Fundi, pikapu hizi zimechoka. Nitafutie kali zaidi."

"Omera, niambie kwanza. Unapotea saa ngapi?"

"Tukianza nasikika vizuri. Tukifika pale pa kuchangamka, hata mimi mwenyewe sijisikii. Naongeza volyumu, inakuwa kelele tu. Halafu linaanza kupiga yowe."

Jibu hilo lilikuwa na malalamiko matatu ndani yake, na kila moja lina chanzo chake. Kupotea kati ya vyombo vingine ni jambo la masafa ya sauti. Kelele baada ya kuongeza volyumu ni amplifaya kuzidiwa. Yowe nalo lina aina mbili: lipo linalonguruma chini, linalotokana na mwili na nyuzi, na lipo linalopiga filimbi kali, linalotokana na pikapu yenyewe kutikisika. Fundi alimwomba asimame mbele ya amplifaya, apandishe volyumu hadi yowe lianze, kisha alaze kiganja juu ya nyuzi zote. Nyuzi zilinyamaza. Filimbi iliendelea. Basi shida ilikuwa ndani ya pikapu ya daraja, na kweli, ukiligonga kifuniko chake kwa ukucha unasikia kinacheza.

Vipimo kabla ya kununua

Hapa ndipo kisa kinapostahili kusomwa polepole, kwa sababu wapigaji wengi huruka hatua hii na kwenda moja kwa moja mtandaoni.

Pikapu ya daraja ilisoma ukinzani wa kilo-ohmu 13.9 kupitia jeki, yaani tundu la kuchomekea kebo. Ilipofunguliwa na kupimwa peke yake, ilisoma 14.6. Tofauti hiyo ni kazi ya poti ya volyumu (kifaa kilicho chini ya kitufe cha kuzungusha), ambayo imekaa sambamba na pikapu na kushusha kipimo kidogo. Sumaku ilikuwa ya kauri. Hambaka za mtindo wa zamani, zile za mwishoni mwa miaka ya 1950, husoma kati ya 7 na 9. Kwa hiyo mteja aliyekuwa akitaka pikapu kali zaidi tayari alikuwa na pikapu kali. Ohmu peke yake si kipimo cha nguvu, maana waya mwembamba husoma juu hata mizunguko ikiwa ileile, lakini ukiweka pamoja na sumaku ya kauri na amplifaya inayokwaruza mapema, picha ilikuwa wazi.

Poti za volyumu zilisoma karibu kilo-ohmu 270. Kwa hambaka kawaida ni 500. Zile za 250 hutumiwa na pikapu za koili moja, ambazo ni kali upande wa juu na zinahitaji kupozwa. Kiwanda kiliweka kilichokuwa karibu.

Kisha kebo. Ilikuwa na urefu wa mita 10, maana mwenyewe hupenda kutembea kati ya watu wakati wa kutunza. Kebo ya kawaida hubeba chaji ya takribani pikofaradi 100 kwa kila mita, wakati mwingine zaidi, na kila pikofaradi inakata kidogo sauti ya juu.

Hatua ya kwanza: vitu vya bei ndogo

Uamuzi ulikuwa kutonunua pikapu bado. Poti mbili za volyumu zilibadilishwa kuwa za 500, kebo ikawa ya mita 6, na pikapu zikateremshwa: ukibonyeza uzi kwenye freti (kipande cha chuma kwenye shingo) ya mwisho, nafasi kati ya uzi na pikapu ya daraja ilikuwa chini ya milimita 1, ikapelekwa hadi zaidi ya 2. Alipewa gitaa akalipigie shoo kwanza.

Sababu ya kufanya hivyo haikuwa kubana matumizi tu. Ukibadilisha pikapu, poti na kebo kwa siku moja, gitaa likapona, hutajua kilicholiponya. Mteja atakwenda kuwaambia wenzake wote wanunue pikapu ile.

Aliporudi alisema kelele imepungua na noti zimeanza kutengana, ila bado anapotea pale pa kuchangamka, na filimbi ipo. Hilo lilitarajiwa. Kuteremsha pikapu kunapunguza nguvu inayokwenda kwenye amplifaya, lakini hakubadilishi umbo la sauti, kwa sababu koili ni ileile na mizunguko yake ni ileile. Mtu aliyeteremsha pikapu kali hajapata pikapu ya zamani. Amepata pikapu kali inayonong'ona.

Chaguo zilizokuwa mezani

Rafiki yake alikuwa akiuza hambaka nyingine yenye ohmu nyingi, bei nzuri. Hiyo iliondolewa haraka. Ingekuwa kununua ugonjwa uleule wenye kifuniko kipya.

Chaguo la pili lilivutia kweli: pikapu ya aina ya P-90 iliyotengenezwa kwa ukubwa wa hambaka, ili iingie bila kuchonga mbao. P-90 ni ya koili moja, Gibson waliianzisha mwaka 1946, na kwa noti moja moja zinazochomolewa kwa kidole ina mdomo ambao hambaka chache zinao. Kwa studio au kwa nyumba yenye umeme safi, mimi ningeichagua bila kufikiri mara mbili. Lakini huyu mtu hupiga kwa jenereta. Koili moja inapokea mvumo wa umeme wa hezi 50 na vivuli vyake vyote, na kwenye matanga ambako waya wa ardhi haupo, mvumo huo unasikika kila mwimbaji anapovuta pumzi. Aliwahi kuwa na gitaa la koili moja, na ndilo lililomfanya anunue hili. Tukaachana nayo kwa huzuni.

Pikapu za mtindo wa Filter'Tron, hambaka za kampuni ya Gretsch, zilitajwa pia, zina sauti angavu sana, ila umbo lake ni tofauti na lingehitaji fremu maalumu.

Iliyobaki ni hambaka ya mtindo wa zamani, yenye nguvu ndogo. Hapo swali likawa sumaku. Alniko ni aloi ya sumaku, na namba huonyesha daraja lake la nguvu. Alniko 2 ni laini, besi yake imelegea kidogo na juu ni tamu. Alniko 5 ina nguvu zaidi, besi imekazwa na juu kuna makali. Mtandaoni wengi hupendekeza alniko 2 kwa gitaa nusu wazi, na kwa mtu wa jazi wana haki. Kwa benga, nadhani wanakosea. Mwili wa gitaa hili tayari una ulaini wa kutosha. Ukiongeza sumaku laini, solo inakwenda kukaa palepale ridhimu ilipo. Kilichotakiwa ni ule mguso wa kwanza wa kidole kwenye uzi usikike kabla ya noti kujaa.

Uamuzi

Ilinunuliwa pikapu moja, ya daraja: alniko 5, kilo-ohmu 8.1, kifuniko cha nikeli-silva, na koili zilizotiwa nta kidogo. Kila kipengele kilikuwa na sababu. Kifuniko cha shaba kingefifisha sauti ya juu. Pikapu isiyotiwa nta kabisa, ambayo wapenzi wa vitu vya zamani huisifu kwa hewa yake, ingerudisha filimbi katika baa ambako amplifaya iko nyuma ya kisigino cha mpigaji. Na ilikuwa moja badala ya mbili kwa sababu jozi nzima ilikuwa inakaribia nusu ya bei ya gitaa, na solo karibu yote anaipiga kwa pikapu ya daraja. Iliagizwa kupitia jamaa aliye ng'ambo. VAT ya asilimia 16 na ushuru mwingine vilihesabiwa mapema ili kusiwe na mshangao posta.

Kazi

Anayejua gitaa la mbao nzima atashangaa akifungua hili, maana hakuna kifuniko nyuma. Kila kitu kinatoka na kurudi kupitia tundu la f. Kabla ya kulegeza nati yoyote, fundi alifunga uzi wa nailoni wa kuvulia samaki kwenye mfereji wa shina la kila poti, na kipande kingine kwenye jeki, kisha akavisukuma ndani. Wakati wa kurudisha, unavuta uzi na shina linachungulia kwenye tundu lake. Sehemu ya volyumu ya daraja ilikataa mara kadhaa kwa sababu waya mpya wa pikapu ulikuwa mgumu na uliipindua poti kila ilipokaribia. Alizungushia kipande cha kadibodi kwenye ukingo wa tundu la f ili rangi isichubuke. Uvumilivu mwingi, maneno machache.

Mambo mawili yalijitokeza ambayo agizo halikuyatazama.

La kwanza, miguu. Hambaka hushikwa na vijiguu viwili vyenye matundu ya skrubu, na ipo ya miguu mirefu na ya miguu mifupi. Iliyokuja ilikuwa ya miguu mirefu, na ndani ya gogo kishimo kilikuwa kifupi, hivyo pikapu iligonga mbao kabla ya kushuka inavyotakiwa. Fundi alichimba vishimo viwili vidogo kwa patasi, kila kimoja kina milimita chache, badala ya kukata miguu ya pikapu mpya.

La pili, nafasi ya vichwa vya chuma vya pikapu, kimoja chini ya kila uzi. Ya zamani ilikuwa milimita 52 kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita, mpya ilikuwa 50. Mwenye gitaa alipoona uzi wa kwanza haukai katikati ya kichwa chake alishtuka. Alipopiga, hakusikia tofauti yoyote, na fundi vilevile. Uga wa sumaku ni mpana kuliko kichwa cha skrubu.

Swichi ikiwa katikati

Pikapu ya daraja peke yake ilisikika vizuri. Ya shingo peke yake, vizuri. Swichi ikiwekwa katikati ili zote zifanye kazi, sauti ilikonda na besi ikatoroka, kama redio ndogo iliyoachwa ndani ya sufuria. Pikapu za watengenezaji wawili zilikuwa zinavutana: moja inasukuma wakati nyingine inavuta.

Namna ya kuthibitisha ni hii. Mita ya dijitali iwekwe kwenye kilo-ohmu 20, iunganishwe na pikapu moja, bisibisi ilazwe juu ya vichwa vyake, kisha iinuliwe ghafla. Namba itapanda kidogo au itashuka kidogo. Rudia kwa pikapu ya pili bila kubadilishana ncha za mita. Moja ikipanda na nyingine ikishuka, ziko kinyume.

Kwenye pikapu zenye waya nne, unabadilisha waya mbili na umemaliza. Hizi zote mbili zilikuwa na waya mmoja ndani ya ganda la kusuka, na ganda hilo limeungwa na kifuniko. Ukigeuza hapo, kifuniko kinakuwa upande wa sauti na kila mkono ukigusa unapata mvumo. Njia iliyobaki ni kugeuza sumaku. Fundi alifanya hivyo kwenye pikapu ya zamani ya shingo ili ile mpya isipoteze dhamana: lehemu mbili za kifuniko zikatolewa, skrubu nne za chini zikalegezwa, sumaku ikasukumwa nje polepole (ya kauri huvunjika kirahisi), ikageuzwa ili ukingo uliokuwa unatazama koili moja utazame nyingine, ikarudishwa. Ukiigeuza kichwa-mkia kwa kuipindua, kingo zinabaki upande uleule na umefanya kazi bure. Alama ya kalamu kwenye ukingo mmoja kabla ya kuitoa inaokoa muda.

Matokeo

Filimbi imekwisha. Mngurumo wa chini bado upo akisimama moja kwa moja mbele ya spika, na kwa hilo amewekewa sponji ndani ya matundu ya f, ambayo huitoa kwenye shoo ndogo.

Solo inasikika pale pa kuchangamka, na kilichomshangaza mwenyewe ni kwamba volyumu ya amplifaya sasa iko chini kuliko zamani. Lakini si sifa zote ni za pikapu. Mpiga ridhimu, baada ya kumsikia mwenzake wazi, alipunguza besi kwenye amplifaya yake bila kuambiwa na mtu, na nafasi iliyoachwa ilijazwa na solo.

Upande wa hasara: mwimbaji wao, mtu wa rika la juu anayependa kuchanganya rumba za polepole, anasema gitaa limekuwa "la vijana", limekosa unene. Hajakosea. Kwa nyimbo hizo mpigaji anahamia pikapu ya shingo, ambayo bado ni ile kali ya kiwandani, na ukihama kutoka daraja kwenda shingo volyumu inaruka. Imeteremshwa hadi skrubu zinakaribia kwisha, na bado inaruka.

Uchambuzi

Kwa nini pikapu dhaifu ilisikika zaidi? Kila pikapu ikiungana na kebo hufanya kilele mahali fulani kwenye masafa, na juu ya kilele hicho sauti huanguka haraka. Tuchukue pikapu kali ya takribani henri 8 (henri ni kipimo cha koili, nayo huongezeka kadiri mizunguko inavyoongezeka) na kebo ya mita 10 yenye pikofaradi 1,000: kilele kinaangukia karibu hezi 1,800. Pikapu ya mtindo wa zamani ya henri 4.4 kwa kebo ya mita 6: karibu hezi 3,100. Noti ya uzi wa kwanza kwenye freti ya 12 ni hezi 659, ambayo pikapu zote mbili zinaipitisha bila shida. Ila mguso wa kidole, ule unaomwambia msikilizaji kwamba noti mpya imeanza, uko juu zaidi, na pikapu ya kwanza ilikuwa inaukata. Kwa mtindo unaotegemea noti nyingi za haraka, hicho ndicho kilichokuwa kinapotea. Kuongeza volyumu kuliongeza kila kitu isipokuwa hicho.

Kupima kwanza kulifanya kazi, na kugawa hatua mbili kulifanya kazi zaidi: tunajua poti na kebo vilileta sehemu ya nafuu kwa bei ndogo sana, na mtu mwenye tatizo dogo angeweza kuishia hapo. Kukataa P-90 kwa ajili ya jenereta ulikuwa uamuzi sahihi kwa mtu huyu. Kwa mpigaji wa kanisa mjini ungekuwa uamuzi wa woga.

Kilichokwenda vibaya ni kuagiza moja kana kwamba gitaa lina pikapu moja. Nguvu, mwelekeo wa sumaku, aina ya waya na urefu wa miguu vilipaswa kuandikwa kwenye agizo lilelile, hata kama ya pili ingenunuliwa mwakani. Bendi nzima pia ilipaswa kusikilizwa kabla, si mwenye gitaa peke yake. Mwimbaji angesema mapema habari ya rumba, na huenda pesa ileile ingenunua ya shingo kwanza, au alniko 2 kwa shingo na 5 kwa daraja kwa awamu.

Pikapu ya zamani ya daraja ilikazwa kifuniko, ikatiwa nta, ikauzwa kwa kijana anayepiga gitaa la mbao nzima kwa mtindo wa roki, na huko imekaa vizuri. Agizo la shingo limeshaandikwa: alniko 2, kilo-ohmu 7.4 au karibu na hapo, waya nne, miguu mifupi, kifuniko cha nikeli-silva. Linangoja msimu wa Desemba, bendi ikishalipwa.